Marehemu Aliyebaki Kwenye Kiolezo

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Wigati alimfuta mumewe. Alisukuma mlango wa bati wa duka lake la fotokopi pale Muntilan, akafagia majivu ambayo mlima wa moto wa Merapi huyaleta bila kuombwa, akawasha kompyuta na kufungua faili la Yasini. Kuncoro akatokea. Kofia nyeusi imelala upande, meno ya mbele yameachana, anacheka kama mtu aliyeitwa ghafla akageuka. Chini ya picha jina lake kamili, Kuncoro bin Martoyo, na tarehe zake mbili, ya kuja na ya kwenda. Wigati alimtazama kidogo, akasema, "Samahani, Mas," kama wake wa kwao wanavyowaita waume zao, kisha akaandika juu yake jina la marehemu mwingine.

Ndiyo kazi iliyomlisha. Watu wa kwao mtu wao akifa humsomea siku ya saba, ya arobaini, ya mia, ya mwaka, na mwisho siku ya elfu, ambayo ndiyo ya kumuaga kabisa. Kwenye visomo vikubwa kila mgeni huondoka na kijitabu cha Yasini chenye picha na jina la marehemu, ili hata akikisoma kwake peke yake, thawabu zijue zinakwenda kwa nani. Kila nyumba ina rundo la vijitabu hivyo kabatini, na Muntilan vingi vilitoka kwenye mashine ya Wigati. Wafiwa walimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi. Walidhani ni heshima. Kumbe alikuwa anasikiliza kama kuna mtu nyuma yake.

Kiolezo kile alikipanga Kuncoro mwenyewe alipokuwa hai. Herufi za Kiarabu upande wa kulia, na upande wa kushoto matamshi kwa herufi za kawaida, kwa ajili ya wale waliokimbia chuoni wakiwa wadogo. Mahali pa jina la marehemu aliweka nukta tupu. Alimfundisha mkewe kwa mfano wa jikoni, maana alijua ndiko anakoelewa upesi.

"Hii ni kalibu ya apem, Gati," alisema. Apem ni vikate vya mchele vya siku za marehemu, na Wigati alivioka vizuri kuliko jirani yeyote. "Unamimina unga, unatoa mkate, kalibu inabaki vilevile. Kwa hiyo kabla hujagusa herufi hata moja, unabonyeza 'Hifadhi kama', unalipatia faili jina la maiti wako, ndipo unaanza kazi. Ukibonyeza 'Hifadhi' peke yake, umeoka kalibu."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa mzaha usiojua mipaka, akaandika jina lake mwenyewe kwenye zile nukta.

"Futa hiyo!" Wigati akaruka. "Mas, maneno huumba!"

"Basi nimejiumba mzuri," akasema Kuncoro, akacheka, akafuta.

Mvua za mwaka ule zilikuwa hazijaisha alipoanguka pale pale dukani, karatasi mikononi, na hakuamka.

Kijitabu cha arobaini yake alikitengeneza Wigati mwenyewe, kwani nani mwingine? Aliweka picha aliyopigwa kwenye harusi ya jirani. Aliandika jina. Hata kwenye dua, upande wa Kiarabu, mahali ambapo desturi ilikuwa imamu alitaje jina mwenyewe kutoka kichwani, yeye aliliandika kwa herufi za Kiarabu, moja baada ya nyingine, kwa sababu alitaka mumewe asikosewe. Machozi yalimzuia kuona vizuri. Akabonyeza Hifadhi. Alipofungua kiolezo kwa ajili ya mteja aliyefuata, nukta hazikuwepo tena. Alikuwepo Kuncoro, anacheka.

Kumtoa na kurudisha nukta ni kazi nyepesi kuliko kuua mbu. Wigati hakuifanya. Zile nukta alikuwa anaziogopa. Aliamini kwamba mahali pa jina la maiti pakiachwa wazi, patajitafutia jina, na kwamba ndipo palipompata mumewe. Mwenye kucheka na acheke, lakini kwanza amfikirie mtu aliyeona jina likiandikwa kwa mzaha na kaburi likachimbwa kweli. "Huyu amekwisha kufa," alijiambia. "Hawezi kufa mara ya pili. Akae hapo, azibe."

Basi Kuncoro akaziba kwa miaka saba. Siku yake ya elfu ilifika, ndugu wakauliza, Wigati akasema duka lina kazi nyingi, mwakani. Mwakani haikufika. Utamuagaje mtu ambaye unaonana naye kila kukicha?

Siku moja, saa za duka kufunguliwa, akaingia Rukmi. Huyu aliuza tempe, vipande vya soya iliyochachuliwa, sokoni na sauti yake ilikuwa ya kuuzia. Baba yake, mzee ambaye wote walimwita Mbah Wiryo, alikuwa amesomewa arobaini kwa vijitabu vya Wigati. Rukmi alikuwa na kimoja mkononi, kimekunjwa kama cha kuulia nzi.

"Nisomee hapa," akasema, bila salamu.

"Karibu, Bu Rukmi. Kaa kwanza, nikupe chai."

"Chai baadaye. Nisomee hapa penye Kiarabu. Au aliyesoma humu ndani alikuwa mumeo peke yake?"

Wigati akakichukua. "Khususan ila ruhi..." akaanza, yaani hasa kwa roho ya fulani, na ulimi ukagoma. Mbele yake, kwa herufi alizozipanga yeye mwenyewe, paliandikwa Kuncoro bin Martoyo.

Kila alipoamuru mashine ibadilishe jina kitabu kizima, mashine ilitafuta herufi za kawaida ikazibadilisha zote, na ile ya Kiarabu ikaipita kama mgeni asiyejulikana. Naye Wigati alikuwa akikagua upande wa kushoto tu. Maimamu wa zamani walitaja jina wanalolijua, macho wamefumba. Lakini kwa Rukmi alisoma imamu kijana, mgeni wa mji, ambaye alisoma kilichokuwa mbele yake.

"Akasoma, watu wakaitikia amin!" Rukmi alipiga kaunta. "Na mimi niko jikoni na sufuria, nikaitikia amin! Nimepika, nimeoka apem mpaka vidole vimeota malengelenge, kumbe nampikia mumeo!"

"Wallahi sikujua, Bu Rukmi."

"Hukujua! Mficha maradhi kilio humfichua. Kakangu ndiye aliyeona juzi, amekaa na kijitabu chake, ananiuliza, huyu Kuncoro ni nani wetu? Nimwambie nini? Nimwambie ni mzuka wa fotokopi?"

 Kisha Rukmi akapunguza sauti, na hapo ndipo Wigati alipoogopa.

"Baba amenijia ndotoni," Rukmi akasema. "Amekaa nje ya mlango wetu, kandambili mkononi. Namwambia, Baba, ingia, mbona umekaa kwenye umande? Ananiambia, siwezi, ndani kuna mtu."

Wigati alishika ukingo wa kaunta. Kwanza alihisi kitu ambacho hakukitarajia, na alikionea haya mara moja: furaha. Miaka saba, kwenye barza za watu, vijijini mpaka huko kwenye mashamba ya matunda ya salak, imamu yeyote aliyesoma alichokiona alikuwa amemwombea Kuncoro wake. Kisha akawaza juu ya wale wengine, wenye visomo vyao, waliokaa nje na kandambili mkononi. Ni wangapi? 

"Unataka nifanye nini?" akauliza.

"Siku ya mia inakaribia. Nataka vijitabu vipya, na nataka kukaa hapa pembeni yako nikuone ukivitengeneza. Na mumeo umtoe humo. Sisemi kwenye kitabu cha baba yangu tu. Umtoe kabisa. Kila mtu ana kaburi lake, Bu Gati."

Alipoondoka, Wigati akampigia simu Wening, binti yake, aliyekuwa akifanya kazi ofisini huko Semarang. Wening alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, lakini alipumua kwa sauti.

"Ibu, hicho si kiolezo tena. Hilo ni faili la Baba ambalo unalikopi kila siku."

"Linafanya kazi."

"Linafanya kazi ya kutuaibisha! Nisikilize. Unamtoa Baba, unarudisha nukta, unalihifadhi kama kiolezo hasa. Hicho ukikifungua kinakupa nakala, chenyewe hakiguswi. Halafu nitakuelekeza namna ya kukifunga kisiandikike. Hata ukikosea, kinakataa."

"Nukta siweki."

Wening akaguna.

"Bado tu, Ibu? Baba alikuwa na moyo mbovu. Daktari alimkataza sigara za karafuu, akawa anavutia nyuma ya mashine. Wewe mwenyewe ulikuwa unanusa."

"Aliandika jina lake, Nduk, mwanangu. Nilimwona."

"Na mimi naandika langu kila siku kazini."

"Usiseme hivyo!"

"Sawa, sawa, sisemi." Wening alikuwa mpole sasa, na upole ule ulimuuma Wigati kuliko ukali. "Lakini Ibu, umemfanya Baba kizibo. Mtu aliyekufa anataka kupumzika, wewe unamwamsha kila asubuhi aje azibe."

Wigati akasema mteja ameingia, akakata simu. Dukani hapakuwa na mtu, kwa maana ya watu wa kawaida.

Kesho yake baada ya adhuhuri Rukmi alikuja kama alivyoahidi, na kikapu cha tempe kama dalili ya amani, au ya kwamba atakaa sana. Mawingu yalikuwa yameufunika mlima. Wigati akafungua faili. Kuncoro akatokea, akacheka, na kwa mara ya kwanza mtu mwingine alikuwa akimtazama pamoja naye.

"Ndiye huyu kila mara?" Rukmi akauliza.

"Ndiye huyu."

"Mh. Na meno yake yaleyale." Rukmi akavuta kigoda karibu, akasema, "Haya, endelea."

Wigati alikuwa na nia moja tu, kutomkosea Mbah Wiryo. Akabadilisha picha. Akabadilisha jina ukurasa kwa ukurasa, akashuka mpaka kwenye dua, na herufi za Kiarabu akazitoa kwa mkono na kuandika nyingine. Rukmi alizifuata kwa kidole juu ya kioo cha skrini, akizitamka. Katikati ya kazi mvua ikashuka ghafla juu ya bati, taa ikapepesa mara mbili.

"Hifadhi, hifadhi!" Rukmi akapiga kelele. "Umeme ukikatika je? Unataka tuanze upya? Bonyeza basi!"

Wigati akabonyeza. Ilikuwa imekwisha kabla kidole hakijainuka. Alikuwa amesahau kulipatia faili jina jipya. Siku zote alianza na lile jambo, kabla ya herufi ya kwanza, kama alivyofundishwa; siku hiyo, kwa sababu ya macho ya Rukmi, alianza na picha.

Umeme haukukatika hata kidogo.

Alifunga faili, akalifungua tena. Mzee mwembamba mwenye masharubu alimtazama kwa adabu. Mbah Wiryo. Akafunga, akafungua. Mbah Wiryo. Akatafuta nakala nyingine, akakumbuka kwamba nakala zote ni za watu wengine, kila moja picha ya Kuncoro imefutwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Kuna nini?" Rukmi akauliza. "Mbona ndivyo alivyo, baba yangu, ametoka vizuri kabisa."

"Ameondoka," Wigati akasema.

"Nani?"

"Kuncoro."

Rukmi alitazama skrini, akamtazama Wigati, na uso wake wa sokoni ukamtoka. Alikuwa amekuja kudai jambo hilohilo, na sasa limetokea hakujua aweke wapi mikono yake.

"Sikutaka hivi," akasema. "Nilitaka umtoe wewe."

Wigati alilia. Kwenye mazishi alikuwa na wageni wa kupikia, na baada ya mazishi alikuwa naye dukani, kwa hiyo kilio hiki kilikuwa hakijapata nafasi. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka, na mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba wa duka la jirani hawakusikia. Rukmi alimshika bega mpaka alipotulia.

"Siku yake ya elfu mlisomea wapi?" Rukmi akauliza. "Mbona sikumbuki kualikwa?"

"Hatukusoma."

"Hamkusoma?"

"Alikuwa hapa. Ningemuagaje?"

"Ee Mungu wangu. Ndiyo maana alikuwa anazunguka kwenye visomo vya watu." Haikuwa kejeli tena. "Na wewe mwenyewe, Bu Gati? Achana na wageni na imamu. Wewe kwa mdomo wako, umemsomea lini mara ya mwisho?"

 Wigati alikuwa amepanga Yasini za mji mzima, na ya mumewe hakuwa ameisoma kwa mdomo wake tangu walipotoka makaburini. Watu wasiomjua walikuwa wamemwombea kwa makosa. Yeye, kila siku ya Mungu, alikuwa akimfuta tu.

Siku ya mia ya Mbah Wiryo Wigati alikwenda, akakaa jikoni na wanawake, akafunga wali kwenye majani ya mgomba. Imamu alipofika kwenye dua, jikoni wote wakanyamaza. Jina likasomwa wazi, Wiryo, lilelile upande wa Kiarabu na upande wa kushoto, na Rukmi akaitikia amin mpaka masufuria yakalia. Wigati naye akaitikia. Alisubiri kidogo baada ya hapo, akijua anasubiri nini, lakini hakuna aliyemtaja Kuncoro.

Asubuhi iliyofuata alifungua duka, na hakufungua mlango wote. Mbah Wiryo alikuwepo kwenye skrini. Alimtoa bila shida, kama mtu anavyofuta meza. Kisha akakaa na kumpanga marehemu wake kama angempanga wa mtu yeyote: jina, jina la baba, tarehe mbili, na chini yake, siku ya elfu, ingawa siku ya elfu ilikuwa imepita zamani. Picha aliinakili kutoka kwenye kijitabu cha arobaini, kwa hiyo Kuncoro alitoka na madoa madoa, na mkunjo mmoja ukipita shavuni. Alionekana amezeeka. Wigati aliandika jina kwa Kiarabu mwisho kabisa, akalisoma mara mbili, akachapa kijitabu kimoja.

Alikisoma palepale kwenye kigoda, kwa sauti, kuanzia mwanzo. Nje pikipiki zilipita, mtu akagonga mlango akitaka kunakili kitambulisho, akaondoka. Mgongoni Wigati alihisi anasimamiwa, kama alivyohisi miaka yote ile, lakini hakugeuka. Alipofika penye "khususan ila ruhi" akalitaja jina lote. Hakuwa amelitamka zima tangu siku ya talakini, kaburini.

Alipomaliza, akashika kipanya na kufunga faili. Mashine ikamwuliza kama anataka kuhifadhi mabadiliko.

Wigati akauacha mkono juu ya kipanya. Akisema ndiyo, Kuncoro atarudi kwenye kiolezo, na kesho asubuhi kabla ya chai atakuwepo, na keshokutwa, na kila siku ambayo Muntilan itafiwa. Kosa hilo safari hii lingekuwa lake, la makusudi, na hakuna mtu ambaye angejua. Alimtazama pale nyuma ya swali la mashine, na mkunjo wake shavuni, anacheka. Alimtaka. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

"Haya, Mas," akasema. "Nimekusomea mwenyewe. Nenda."

Akabonyeza Hapana.

Halafu akalifungua faili tena, akamtoa Mbah Wiryo wa watu, aliyekuwa amerudi, picha na jina, kushoto na kulia. Akaweka nukta. Akampigia simu Wening, akalihifadhi kama kiolezo na kukifunga kisiandikike, hatua kwa hatua, kama binti yake alivyomwelekeza. Kisha akakaa mbele ya zile nukta, mlango nusu wazi, akisubiri aone ni nani atakayekuja.